Shilingi thelathini za Busia: dawa ya minyoo ilipoanza kulipiwa

Mwaka 2001, wazazi wa shule kadhaa za msingi za Budalangi na Funyula, katika wilaya ya Busia magharibi mwa Kenya, walitangaziwa jambo jipya. Dawa ya minyoo ambayo watoto wao walikuwa wakipewa shuleni bure sasa ingetozwa ada. Katika shule nyingi ada ilikuwa shilingi 30 kwa familia nzima, hata kama familia hiyo ina watoto wanne pale shuleni. Katika shule chache zenye kichocho kingi, ambako dawa ya pili ilihitajika, ada ilikuwa kama shilingi 100. Ukigawanya kwa idadi ya watoto unapata wastani wa senti 30 hivi za dola kwa mtoto mmoja, takriban sehemu moja ya tano ya gharama halisi ya kununua dawa na kuifikisha. Zilizobaki zililipwa na shirika lililouendesha mradi.

Katika shule zilizoendelea kupewa bure, wanafunzi 75 katika kila 100 walimeza dawa mwaka huo. Katika shule zilizotozwa walikuwa 19.

Kisa hiki kinastahili kuelezwa chote, kwa sababu lile wazo lililozaa ada ya shilingi 30 bado liko hai. Liko katika maombi ya fedha za miradi, katika mikutano ya wafadhili, na katika vinywa vya watu wema kabisa: kwamba mwananchi asipotoa kitu mfukoni hatauthamini mradi, na mradi usiothaminiwa hufa mfadhili akiondoka. Busia ni mahali ambapo wazo hilo lilipimwa kwa uaminifu, kukiwa na shule za kulinganisha nazo, na matokeo yake yakaandikwa waziwazi.

Mahali penyewe

Mto Nzoia hushuka kutoka nyanda za juu za magharibi hadi Budalangi, ambako nchi inakuwa tambarare kabisa kabla ya mto kuingia Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, kingo za udongo hupasuka huku chini, na familia huhamia kambini hadi maji yapungue. Jirani yake ni Funyula, nchi ya Wasamia, yenye vilima na ufuo wa Sio Port. Watu wanalima mahindi na mihogo, wanavua, wanaanika omena. Kuchimba choo cha shimo katika ardhi ya bondeni ni shida: hufiki chini sana kabla ya kukutana na maji, na mafuriko yakija, yaliyomo shimoni hutoka na kusambaa uani.

Udongo wa namna hiyo, wenye joto na unyevu, ndio minyoo inaoutaka. Mayai hutoka na kinyesi cha mtoto mmoja yakangoja mtoto mwingine. Minyoo mikubwa ya tumbo na minyoo mjeledi huingia kwa mkono mchafu au tunda lisilooshwa. Minyoo ya safura haingoji kuliwa: viluwiluwi vyake hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, vikasafiri mwilini hadi kwenye utumbo, na huko hunyonya damu. Kichocho kina njia yake, kupitia konokono wa majini, nacho humpata anayeoga, anayefua na anayevua ziwani. Kwa nyingi ya aina hizi, watoto wa umri wa shule ndio wenye minyoo mingi kuliko watu wazima, na kwa sababu hawaendi chooni kila mara, ndio wanaoisambaza zaidi.

Uchunguzi wa mwanzoni mwa 1998, uliofanywa kabla dawa hazijatolewa, ulikuta asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa wana angalau aina moja ya minyoo. Safura peke yake ilikuwa asilimia 77. Zaidi ya theluthi moja, asilimia 37, walikuwa na minyoo mingi kiasi cha kuhesabiwa kuwa wana maambukizi ya wastani au makali. Hali ikishafika hapo, mtoto asiye na minyoo ndiye wa ajabu. Mzazi aliyekua hivyo, na kuwalea watoto hivyo, hana sababu ya kuliona tumbo linalouma kuwa ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Mradi ulivyoendeshwa

Shirika lilikuwa Internationaal Christelijk Steunfonds, ICS, lenye asili ya Uholanzi, likishirikiana na ofisi ya afya ya wilaya. Shule zilizoingizwa zilikuwa 75, karibu shule zote za msingi za vijijini katika tarafa hizo mbili, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Fedha na watu havikutosha kuzianza zote pamoja. Zikapangwa kwa majina, herufi kwa herufi ndani ya kila eneo la elimu, kisha kila ya tatu ikawekwa katika kundi lake. Shule 25 za kundi la kwanza zilianza kupata dawa mwaka 1998, 25 za pili mwaka 1999, na 25 za mwisho mwaka 2001.

Mpangilio huo wa zamu ndio uliouwezesha mradi kupimwa, maana kwa miaka kadhaa kulikuwa na shule zenye dawa na shule jirani zisizo na dawa, zinazofanana kwa kila kitu kingine. Wapo wanaouliza kama ilikuwa haki kumwacha mtoto mwenye safura angoje hadi 2001. Ni swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba hakukuwa na fedha za kuwafikia wote siku moja, na palipo na uhaba, zamu inayofuata orodha ya herufi ni bora kuliko zamu inayofuata diwani anamjua nani. Lakini jibu hilo linasimama tu kama matokeo yanarudi kuwanufaisha watoto wa nchi ile ile, na tutaona kwamba yalirudi, ingawa yalichelewa.

Watoto hawakupimwa mmoja mmoja. Kupima choo chini ya darubini hugharimu mara kadhaa ya bei ya kidonge chenyewe, na kidonge kinachukuliwa kuwa salama hata kwa asiye na minyoo. Basi shule nzima ilimeza: albendazole mara mbili kwa mwaka, na praziquantel mara moja kwa mwaka pale ambapo kichocho kilizidi asilimia 30. Wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupewa, kwa hofu kwamba mmoja wao angeweza kuwa mjamzito na dawa ikamdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo kanuni iliyofuatwa wakati huo. Mwaka wa kwanza wazazi waliarifiwa mikutanoni, na asiyetaka mtoto wake apewe alisema. Kuanzia 1999 ilihitajika sahihi ya mzazi, jambo dogo kwenye karatasi lakini si dogo kijijini, maana mzazi alipaswa kutoka shambani aje shuleni kutia sahihi.

Pamoja na dawa kulikuwa na mafunzo. Mwalimu katika kila shule aliandaliwa kuwafundisha watoto kunawa mikono, kuvaa viatu na kutooga kwenye maji yenye konokono, na picha za mafunzo zikabandikwa ukutani.

Mahudhurio hayakusomwa kwenye rejista ya mwalimu. Waandishi wa takwimu walifika shuleni kwa ziara za kushtukiza, wakahesabu nani yupo darasani siku hiyo. Yeyote aliyewahi kuona jinsi rejista zinavyojazwa ataelewa kwa nini ninalitaja hili.

Matokeo ya miaka ya kwanza

Mwanzoni mwa 1999, mwaka mmoja baadaye, wanafunzi wa kundi la kwanza wenye maambukizi ya wastani au makali walikuwa asilimia 27. Katika kundi la pili, ambalo halikuwa limepata dawa, walikuwa asilimia 52. Namba hiyo ya pili ilipita hata ile ya mwanzo. Mvua za El Niño zilikuwa zimepita katikati, na mafuriko ni rafiki wa minyoo. Kukosa shule kulipungua kwa robo hivi katika shule zilizotibiwa. Alama za mitihani hazikubadilika, na watafiti hawakulificha hilo.

Kilichokuwa kipya zaidi ni kilichowapata watoto ambao hawakumeza kitu. Wanafunzi waliokosa dawa lakini wakawa katika shule zilizotibiwa walikutwa na minyoo michache kuliko wenzao wa shule zilizokuwa zikingoja. Dalili kama hizo zilionekana hata kwa watoto wa shule jirani. Mtoto aliyetibiwa aliacha kutoa mayai, udongo wa uwanja na wa njia ukapungua uchafu, na mwenzake akanufaika bila kujua. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, waliouchambua mradi huu, walichapisha matokeo hayo mwaka 2004. Faida hii inayovuka ua ndiyo ufunguo wa kuielewa habari ya ada, na mtu akiiruka hataelewa kwa nini wazazi wa Busia walifanya walivyofanya.

Ada

ICS ilikuwa na msimamo wa muda mrefu kwamba jamii ichangie gharama za miradi. Kwa mradi wa minyoo msimamo huo ulisimamishwa miaka ya mwanzo, kisha mwaka 2001 ukarudishwa katika shule 25 kati ya 50 za makundi mawili ya kwanza, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Shule 25 zilizobaki ziliendelea bure.

Shirika halikulitoa wazo hili hewani. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika, wakiwa pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, walikubaliana mjini Bamako juu ya mpango wa kuuza dawa za msingi vijijini ili fedha zizunguke na kununua dawa nyingine. Kenya ilianza kutoza ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 1989. Na kwa Mkenya kuna jambo la ndani zaidi ya sera: shule nyingi za nchi hii zilijengwa kwa harambee. Mtu alitoa kuku, mwingine tofali, mwingine siku ya kazi, na darasa likasimama. Ukimwambia mzee wa Samia kwamba jamii ichangie maendeleo yake, humwambii jambo geni. Nchi nzima ilijiona katika wazo hilo, na ndiyo maana ni vigumu kulikosoa bila kuonekana unawadharau watu.

Lakini darasa la harambee linaonekana. Linakaa miaka arobaini. Mtoto wako anaingia humo, na wa jirani asiyechanga anajulikana kwa jina. Kidonge cha minyoo hakina hata sifa moja kati ya hizo. Mtoto humeza leo, baadhi huumwa tumbo au kutapika usiku huo, na baada ya miezi kadhaa, akiendelea kukanyaga udongo ule ule, minyoo hurudi. Sehemu kubwa ya faida huenda kwa watoto wa watu wengine. Mzazi akikaa na kupiga hesabu ya nyumba yake peke yake, shilingi 30 za kumtibu mtoto ambaye ataambukizwa upya na wasiotibiwa si fedha iliyotumika vizuri. Hesabu hiyo si ya ujinga. Ni sahihi kwa mzazi mmoja, na ni maafa ikipigwa na wazazi wote kwa pamoja. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kidole kimoja hakivunji chawa.

Watafiti walitafuta pia kama ukubwa wa ada ulileta tofauti. Kwa kuwa ada ilikuwa kwa familia, mwenye mtoto mmoja alilipa shilingi 30 kwa mtoto huyo, na mwenye watoto watatu alilipa shilingi 10 kwa kila mmoja. Kama tatizo lingekuwa wingi wa fedha, familia kubwa zingelipa zaidi. Hazikulipa zaidi. Kilichowakimbiza watu ni kuwepo kwa ada, iwe ndogo au kubwa.

Halafu kuna hoja nyingine inayotetewa sana, kwamba ada huchuja: anayehitaji kweli atalipa, na dawa haitapotea kwa wasioihitaji. Huko Busia watoto wenye minyoo mingi hawakuwa na uwezekano mkubwa wa kulipiwa kuliko wengine. Mzazi hana darubini. Hawezi kujua kama tumbo la mwanawe lina minyoo kumi au mia mbili, kwa hiyo bei haiwezi kumsaidia kuchagua. Na kila ada inahitaji mkusanyaji, kitabu cha risiti, na mtu wa kumwambia mtoto asiyelipiwa akae pembeni wenzake wakimeza. Kwa kiasi kisichofika hata robo ya gharama, sioni kilichookolewa.

Yaliyojaribiwa zaidi ya ada

Hapa ndipo ninapoona kisa hiki kinazidi habari ya shilingi. Karibu kila njia inayopendekezwa ili mradi uweze kujisimamia ilikuwemo Busia, na kila moja ilipimwa.

Mafunzo ya afya hayakubadilisha tabia zilizoweza kuonekana. Watoto wa shule zilizofundishwa hawakuwa wasafi zaidi, hawakuvaa viatu zaidi, na hawakuacha kuingia majini kuliko watoto wa shule zisizofundishwa. Nasikitika kuandika hivyo, kwa kuwa ninaamini katika kufundisha. Lakini mtoto asiye na viatu hafundishwi kuvaa viatu, na mtoto ambaye maji ya nyumbani ni ya ziwa hafundishwi kuyakwepa. Somo lilikuwa sahihi, na vitu lilivyovitaka havikuwepo nyumbani.

Ilijaribiwa pia ahadi: baadhi ya wanafunzi waliulizwa mapema kama wangekuja kumeza dawa, wakajibu kwamba wangekuja, kwa matumaini kwamba aliyetamka atatimiza. Haikuongeza idadi ya waliomeza.

Na ilitazamwa imani ya kwamba habari njema husambaa yenyewe, kwamba wazazi wa shule zilizotangulia wangewashawishi ndugu na marafiki wa shule zilizofuata. Ikawa kinyume. Familia zilizokuwa na marafiki wengi katika shule za mwanzo ziliipokea dawa kidogo kuliko familia zisizo na habari. Walisikia nini? Walisikia kwamba mtoto wa fulani aliumwa tumbo, na kwamba baada ya hapo hakukuonekana mabadiliko makubwa nyumbani. Habari hiyo ilikuwa kweli. Faida ya mtoto mmoja ni ndogo na imejificha, na ile kubwa imegawanywa katika kijiji kizima kiasi kwamba hakuna mzazi anayeweza kuisimulia.

Kilichofanya kazi ni kimoja: kidonge kuletwa shuleni, bure, mara mbili kwa mwaka, bila kumtaka mzazi kugharimika.

Mabishano

Mtu mwaminifu hawezi kukitumia kisa hiki bila kutaja kwamba kimepingwa. Mwaka 2015 wataalamu wa magonjwa kutoka London walizichambua upya takwimu za Busia wakakuta makosa ya hesabu, hasa katika namna faida kwa shule za mbali ilivyopimwa. Watafiti wa awali walikiri baadhi ya makosa hayo. Faida kwa shule za mbali zaidi ilidhoofika, ila kupungua kwa minyoo katika shule zilizotibiwa kulisimama. Mwaka huo huo mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio mengi kutoka nchi nyingi, yalisema dawa ya minyoo inayotolewa kwa watoto wote kwa pamoja haina athari kubwa ya wastani kwa uzito, damu au masomo. Waliotetea walijibu kwamba sehemu nyingi zilizojumlishwa humo zina minyoo michache, na huwezi kuchanganya Budalangi na mahali penye asilimia kumi ukategemea wastani ukuambie kitu. Mabishano yalikuwa makali na hayajakwisha.

Kwa upande mwingine, watoto wenyewe walifuatiliwa. Maelfu yao walitafutwa walikohamia, wakiwemo waliokwenda Nairobi, Mombasa na Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wanaume waliotibiwa mapema walifanya kazi saa nyingi zaidi kwa wiki, asilimia 17 zaidi, na wanawake waliotibiwa mapema walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa robo hivi, wa kuwa wamesoma sekondari. Baada ya miaka 20, kipato chao cha saa kilikuwa juu kwa asilimia 13 na matumizi ya nyumbani kwa asilimia 14, kwa mujibu wa makala ya 2021. Namba hizo ni za sehemu moja yenye minyoo ya kiwango cha juu mno, na sitazibeba hadi Arusha au Nyeri kana kwamba ni zile zile.

Lakini hata kama kesho mtu atathibitisha kwamba athari kwa kipato ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, habari ya ada haiguswi. Ile asilimia 75 na ile 19 hazikutoka katika hesabu ngumu. Ni idadi ya watoto waliomeza na wasiomeza.

Na haikuwa Busia na minyoo pekee. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima bei ya vyandarua vyenye dawa katika kliniki 20 za wajawazito magharibi mwa Kenya. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, kiwango cha waliochukua kilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure walikitundika chandarua sawasawa na walionunua. Dhana kwamba cha bure hutupwa haikuonekana. Tanzania nayo ilianza mwaka 2004 na Hati Punguzo, ambayo ilimtaka mjamzito aongezee fedha dukani, na miaka michache baadaye ikagawa vyandarua bure nchi nzima, kwanza kwa watoto chini ya miaka mitano kisha kwa kaya zote.

Nani alilipa mwishowe

Neno uendelevu, jinsi lilivyotumika mwaka 2001, lilimaanisha mzazi wa Funyula alipe ili mfadhili aondoke kwa amani. Kilichodumu kilipatikana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliendesha zoezi la kitaifa la dawa ya minyoo shuleni lililowafikia watoto milioni 3.6. Baada ya kusimama kwa muda, mwaka 2012 mpango ulianza upya kwa nguvu, Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu zikishirikiana, na kwa miaka kadhaa ukawa unawafikia watoto zaidi ya milioni 5 kila mwaka katika kaunti zenye minyoo. Walimu hufunzwa kwa siku chache, siku ya dawa hutangazwa, na hata watoto wasiosoma na wadogo wa chekechea hukaribishwa. Hakuna anayelipa. Upimaji wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ulionyesha minyoo ya udongo ikishuka katika shule zilizofuatiliwa, kutoka karibu theluthi moja ya watoto mwaka 2012 hadi takriban asilimia 13 miaka sita baadaye.

Dawa zenyewe ni za msaada: GlaxoSmithKline hutoa albendazole kwa nchi zenye minyoo kupitia Shirika la Afya Duniani, na Merck ya Ujerumani hutoa praziquantel. Gharama inayobaki ni ya kusafirisha, kuwafunza walimu, kutangaza, kuandika nani amemeza, na kupima tena baada ya muda. Hata mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati dawa ilikuwa inanunuliwa, mpango mkubwa wa namna hii nchini Tanzania ulikadiriwa kugharimu senti 49 za dola kwa mwanafunzi kwa mwaka, kila kitu kikiwa ndani.

Hiyo ni kodi ndogo mno kwa taifa, na ni ada kubwa mno mlangoni pa shule. Tofauti hiyo ndiyo ninayoomba waandishi wa miradi waitazame kabla ya kujaza ile sehemu ya fomu inayouliza jamii itachangia nini. Zipo huduma ambazo mwananchi atazilipia kwa hiari, na anazilipia kila siku: mtoto mwenye homa usiku, mama mwenye uchungu wa kujifungua, jino. Kwa hizo swali la ada lina mjadala wake. Kwa ugonjwa unaokaa katika udongo wa wote na ambao tiba yake humsaidia jirani kuliko anayeimeza, mlipaji wa haki ni mfuko wa wote.

Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti na shule za msingi ziko chini ya serikali kuu, kwa hiyo siku ya dawa ya minyoo inahitaji ofisi mbili zenye bajeti mbili kukubaliana. Fedha nyingi za uendeshaji zimetoka kwa wafadhili wa nje. Mhudumu wa afya wa Budalangi anayepokea maboksi ya albendazole ya msaada bado anahitaji mafuta ya pikipiki ya kuyafikisha shule za bondeni kabla barabara haijaingia maji, na fedha hizo zinapaswa kuwa na mstari wake katika bajeti ya kaunti, unaopitishwa na bunge la kaunti kila mwaka kama mishahara inavyopitishwa. Pamoja na mstari huo kuwe na mwingine wa vyoo vilivyoinuliwa juu ya maji ya mafuriko, maana kidonge kinaua minyoo iliyo tumboni na hakigusi mayai yaliyo uani.